OB na OG: namna ya kurudi shuleni kwako bila kuwa mzigo

Nyuma ya bweni la wasichana la shule niliyosoma kuna tangi jeusi la lita 10,000. Ubavuni limeandikwa kwa rangi nyeupe mwaka tuliomaliza. Tulilichangia miezi saba, tukalileta kwa lori, tukapiga picha mwalimu mkuu akiwa katikati, kisha kila mtu akarudi kwake. Mwaka uliofuata nilipopita pale nililigonga kwa ngumi, likalia kama ngoma. Halikuwa limeingia hata tone. Paa la bweni lile halikuwa na mifereji ya kukinga mvua, na kati yetu sote tuliochanga, wakiwemo mafundi bomba wawili, hakuna aliyeinua shingo kuliangalia.

Naandika haya kwa OB na OG (Old Boys na Old Girls, yaani wanafunzi wa zamani) wenzangu wa Uganda, hasa wa shule za kawaida: za wilayani, za kanisa au za msikiti, zilizojengwa kwa matofali ya wazazi na ambazo ukizitaja Kampala mtu anakuuliza, "Hiyo iko wapi?" Shule kongwe kama Namilyango ya 1902, Gayaza ya 1905 au Budo ya 1906 zina watu wao, wakiwemo majaji na mawaziri wa kupigiwa simu. Sisi wengine tuna grupu la WhatsApp na nia njema. Vinatosha kuanzia, mradi mfuate utaratibu. Huu ndio tulioufikia sisi, baada ya kuumia kidogo.

Hatua ya 1: Nenda kwanza mikono mitupu

Usianze na mchango. Anza na safari ya siku moja. Piga simu kwa karani wa shule, jitambulishe kwa jina ulilosajiliwa nalo na mwaka uliomaliza, uombe siku. Epuka siku ya wazazi kutembelea watoto, maana siku hiyo mwalimu mkuu ana foleni ndefu ya watu wa karo. Epuka pia muhula wa tatu kuanzia Oktoba. Mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, ya Senia 4 (mwaka wa nne wa sekondari) inakuwa imeanza, ya darasa la saba inakuja mwanzoni mwa Novemba, halafu ya Senia 6, na mtu asiyehusika na mitihani hana kazi pale. Wiki ya tatu au ya nne ya muhula ndiyo nzuri: watoto wameshatulia, na kilichopungua kimeshaanza kuonekana.

Getini andika jina lako kwenye kitabu cha wageni hata kama askari anakukumbuka na kukuita kwa jina la utani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kwa hiyo utapelekwa kwanza kwenye msingi wa ukumbi, ule ule uliokuwa msingi tangu enzi zenu. Sikiliza, shukuru, kisha omba kwa adabu uonyeshwe sehemu nne: jiko, vyoo, stoo ya vitabu, na bweni wakati watoto wako darasani.

Jikoni ndiko nilikojifunza zaidi. Mama mpishi aliniita "mwanangu" ingawa kichwani sina tena nywele za kuchana. Alikuwa anakoroga posho, yaani ugali, ya watoto mia tatu na ushee kwa mwiko mrefu kama kasia, macho mekundu, kitenge amekifunga puani. Nikamuuliza OB wanaweza kumsaidia nini. Akacheka. "Nyie mkija mnaleta rangi ya geti. Mimi nipeni mahali pa kupitishia moshi." Nikaangalia juu: bomba la moshi lilikuwa limeoza na kukatika kimo cha mtu, na lile jiko la kubana kuni lililojengwa kwa msaada wa zamani lilikuwa limepasuka ubavuni, linakula kuni kama mafiga matatu. Katika ofisi hakuna aliyekuwa amenitajia hilo. Sidhani walinificha. Ofisi haipiki.

Swali nililolitumia kwa kila mtu, kuanzia matroni hadi mhasibu, ni hili: "Kitu gani kikikosekana wiki moja, kazi yako inasimama?" Andika majibu. Ukisikia kitu kimoja kutoka kwa watu watatu wasiokaa ofisi moja, umeshapata kazi ya kufanya.

Bwenini tazama milango na madirisha. Mlango unafunguka kwa nje au kwa ndani? Usiku unafungwa kwa kufuli, na ufunguo analala nao nani? Madirisha yote yana nondo? Mukono, Oktoba 2022, moto uliua watu 11 katika shule ya watoto wasioona. Kukata nondo za madirisha mawili na kuyatengeneza ili aliye ndani aweze kuyafungua ni kazi ya siku moja ya fundi wa kuchomelea, na pengine huyo fundi mlikaa naye dawati moja.

Hatua ya 2: Tafutaneni, wote

Omba ruhusa ya kuangalia daftari la usajili la mwaka wenu. Grupu nyingi za wahitimu zinaundwa na watu kumi na tano waliofanikiwa, wanaitana wao kwa wao. Daftari lina majina tisini. Wamo waliomaliza, na wamo walioacha Senia 2 kwa sababu karo ilikwisha au mimba iliingia. Hao pia ni OB na OG. Kwetu, dada mmoja aliyeacha shule Senia 3 anauza samaki sokoni Busia, na ndiye aliyewapata wenzetu ishirini na wawili kwa simu ndani ya mwezi mmoja, kwa sababu sokoni kila mtu hupita.

Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulianza 1997, wa sekondari 2007. Maana yake, waliokaa kwenye madawati ya mwanzo ya sekondari ya bure sasa wana miaka thelathini na kitu. Wana maduka, boda boda, vyeti vya uuguzi, mashamba ya mihogo. Usimsubiri mbunge atokee darasani kwenu.

Fungueni grupu la kila mwaka wa kumaliza, si moja la shule nzima. Mtu humchangia aliyemjua. Halafu kila mwaka utoe wawakilishi wawili, mwanamume na mwanamke, waingie kwenye grupu la uratibu. Sheria za grupu ziwe tatu: hakuna siasa, hakuna matangazo ya biashara, na rambirambi zina grupu lake. Hii ya tatu wengi wataiona ya kikatili. Lakini nimeona grupu la shule likigeuka chama cha mazishi ndani ya mwaka, likizika vizuri na kununua maua mazuri, na shule haikupata hata chaki.

Hatua ya 3: Katiba ya kurasa mbili

Msianze na kampuni wala shirika kubwa. Kwa kikundi cha wilayani, ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya itawaeleza namna ya kusajili kikundi cha kijamii. Mnahitaji katiba, majina ya viongozi, barua ya utambulisho kutoka LC (baraza la kijiji), na subira. Cheti kikitoka mnaweza kufungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi.

Katiba iseme nani ni mwanachama, viongozi wanakaa miaka mingapi, pesa inatokaje, na kikundi kikifa vitu vinakwenda kwa nani. Mweka hazina akae karibu na shule. Mwenyekiti asiwe mtu anayegombea kiti chochote cha siasa. Hili la mwisho liandikeni, msiliache kwenye makubaliano ya mdomo, kwa sababu msimu wa kura ukifika kila mgombea anakumbuka shule aliyosoma.

Hatua ya 4: Pesa

Hapa ndipo tulipoumia. Mchango wetu wa kwanza tuliupokea kwenye namba ya simu ya mweka hazina, mtu mwema, mcha Mungu. Mwezi wa nne mtoto wake akalazwa. Akatoa kwenye ile pesa, kwa nia ya kurudisha. Hakurudisha yote, akaona haya, akaacha kupokea simu, na tukapoteza pesa pamoja na rafiki. Yeye simlaumu sana. Sisi ndio tuliomwekea pesa ya watu mia mfukoni, tukategemea asiwe binadamu.

Kwa hiyo: akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa. Mchango uingie kwa simu moja kwa moja hadi benki, au kwa namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la kikundi. Kila mnapotoa pesa taslimu kwenye simu kuna ada ya mtandao, na juu yake kodi ya serikali ya asilimia 0.5, kwa hiyo kutoa kidogo kidogo kunakula mchango. Fundi au duka la vifaa vya ujenzi mlipeni kutoka benki, mdai risiti.

Kiasi kiwe kidogo na cha kila mwezi. Watu 60 wakitoa shilingi 5,000 kwa mwezi, ni 300,000. Kwa mwaka ni milioni 3 na laki 6. Mtu wa boda boda anaweza kutoa 5,000, na akishatoa anazungumza mkutanoni kama mwingine yeyote. Ile harambee ya siku moja ya mahema na spika, mgeni rasmi akiahidi milioni kumi mbele ya kamera, sina imani nayo. Gharama ya mahema tunailipa siku ile ile, ahadi tunaifuata miaka miwili.

Kila tarehe 5, mweka hazina aweke kwenye grupu picha ya taarifa ya benki na majina ya waliotoa. Majina tu, bila viwango. Tulipokuwa tunaandika viwango, aliyetoa 5,000 chini ya aliyetoa laki mbili alinyamaza mwezi uliofuata. Tulipofuta viwango alirudi.

Na katika kila mradi, toeni sehemu moja ya kumi muiweke kando kwa matengenezo. Msiiguse kwa kitu kingine, hata mwalimu mkuu akiomba vizuri namna gani.

Hatua ya 5: Chagueni kitu kimoja, mkimalize

Rudini kwenye majibu ya hatua ya kwanza. Chagueni kitu kimoja kinachoweza kumalizika ndani ya muhula mmoja. Nitataja vile ninavyovifahamu.

Maji. Kabla ya kununua tangi, pima paa. Tangi linataka mifereji, bomba la kushushia, chujio la majani, kitako cha saruji kilichoinuka ili ndoo iingie chini ya bomba, na mtu wa kulisafisha kabla ya mvua za Machi na za Septemba. Sisi mwishowe tulinunua mifereji, na mmoja wa wale mafundi bomba wetu wawili akaifunga Jumamosi mbili bila malipo. Kwa aibu, nadhani.

Radi. Watu hulisahau hili, na Uganda ni nchi ya radi. Juni 2011, katika Shule ya Msingi Runyanya, Kiryandongo, radi moja iliua wanafunzi 18 wakiwa darasani. Kinga ya radi ni chuma kilichosimama juu ya paa, waya mnene unaoshuka ukutani, na vyuma vilivyozikwa ardhini vya kulipeleka lile pigo udongoni. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, hakuna kinga. Mtafuteni fundi umeme anayejua kupima ardhi kwa kifaa, asiwe wa kukisia. Waya wa shaba uingizwe ndani ya bomba ukutani, la sivyo wauza skrapu watakuwa wameupima kilo kabla ya mvua ya kwanza.

Kompyuta. Nawasihi mngoje. Niliwahi kufungua stoo ya shule moja nikakuta kompyuta ishirini chini ya turubai, juu yake mavi ya popo yamekauka kama kahawa. Hazikuwa mbovu. Shule haikuwa na pesa ya Yaka, umeme wa kulipia kabla, ya kuziwasha, na mwalimu aliyezijua alikuwa amehamishwa. Mkitaka kuleta kompyuta, leteni tano, na mchange umeme wa mwaka mzima pamoja nazo. Au anzeni na sola ya taa za darasa la kujisomea usiku. Hiyo hakuna shule itakayoikataa.

Vitabu. Msipakie kwenye maboksi vitabu vyenu vya zamani. Mtaala wa Senia 1 hadi 4 ulibadilishwa kuanzia 2020, na UNEB ilitahini kwa mara ya kwanza kwa mtaala huo 2024. Kitabu chako cha kemia cha mwaka 2003 kitakwenda kuwashia moto wa mama mpishi. Kamusi, ramani na hadithi za kusoma bado zinafaa. Kwa vitabu vya masomo, mwalimu mkuu wa taaluma awape orodha ya vinavyokosekana na idadi yake, mnunue hivyo tu.

Vyoo, jiko, nondo za madirisha: havina sherehe ya kuzindua, ndiyo maana havina wafadhili. Hivyo ni vyenu.

Hatua ya 6: Karo, na ile orodha nyingine

Kumlipia mtoto karo ni kazi nzuri na yenye mitego. Lipeni akaunti ya shule kwa namba ya malipo ya mwanafunzi, kamwe msimpe mtu pesa mkononi. Msichague kwa alama peke yake, kwani mtoto anayefukuzwa kila wiki ya pili hawezi kuwa wa kwanza darasani. Muulizeni mwalimu mlezi wa wasichana na yule wa wavulana. Wanajua nani analala na njaa. Na mkishaanza na mtoto Senia 1, hesabuni miaka minne kabla ya kutamka neno. Kuahidi kisha kumwacha Senia 3 ni vibaya kuliko kutoahidi.

Kama mfuko ni mwembamba, nawaelekeza kwenye orodha ya vitu vya kuripoti navyo. Kila mzazi wa Uganda anaijua: rimu ya karatasi, mifagio miwili, karatasi za chooni, sabuni, wakati mwingine jembe au fyekeo. Serikali ikilipa masomo, hivi haviko, na chakula cha mchana pia ni juu ya mzazi. Nimeona mtoto amerudishwa getini Jumatatu ya kwanza ya muhula, karo amemaliza, anadaiwa mfagio. Alikaa chini ya mwembe hadi saa nane. Tangu hapo tunaweka kwa matroni maboksi kumi kila muhula, yana kila kitu kwenye orodha, na wasichana tunawaongezea pedi za kufua. Mtoto anachukua, matroni anaandika namba bila jina. Hakuna hotuba, hakuna picha. Kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake akiwa ameshika mfagio wa msaada, mtu mzima anayefanya hivyo amesahau alivyokuwa na miaka kumi na minne.

Hatua ya 7: Leteni mikono yenu

Mtaala mpya umefungua mlango ambao OB wengi hawajauona. Asilimia 20 ya alama za Senia 4 sasa zinatokana na kazi za mwanafunzi shuleni, na watoto wanatakiwa kufanya miradi: kutengeneza sabuni, kufuga kuku, kuoka, kutengeneza kitu cha kutumika. Walimu wengi walisomea ualimu kabla ya haya yote. Mwokaji wa mkate wa pale senta anajua kuoka kuliko mwalimu yeyote. Mwambieni aje asubuhi moja. Fundi wa kuchomelea, mshonaji, muuguzi, mwanamke mwenye kuku mia nne, hawa ndio wageni rasmi wa sasa. Siku ya kuzungumzia kazi, msilete wanasheria watano. Leteni mwanasheria mmoja, fundi wa simu, mkulima, na yule dada wa samaki aeleze anavyokokotoa faida kwa kilo.

Halafu Kiswahili. Ni lazima Senia 1 na 2 katika mtaala huo, na Julai 2022 baraza la mawaziri lilikiidhinisha kuwa lugha rasmi ya nchi. Lakini walimu wake ni wachache, na katika nyumba nyingi bado kinabeba kumbukumbu ya askari na amri za usiku. Sisi wa mpakani, Malaba na Busia, na wenzetu wa Arua, Bwera na Bombo, tunacho bure. Kwetu tunakwenda Ijumaa mbili kwa mwezi, saa kumi jioni, tunaendesha mdahalo. Mada ya kwanza ilikuwa "Chapati ni bora kuliko posho". Wiki ya kwanza walizungumza watoto wanne, wote wa mpakani. Wiki ya tatu mvulana kutoka Karamoja alisimama, akatafuta neno la kumkanusha mwenzake, akalikosa, akasema, "Wewe unasema lakini tumbo lako halisemi hivyo." Darasa lote lilipiga meza. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ni nafasi nzuri ya kualika shule jirani.

Sasa adabu ya kuingia kwa watoto wa watu. Mwalimu awe nanyi darasani muda wote. Msichukue namba za wanafunzi, msiwape zenu, msiwaletee simu. Msikae na mtoto mmoja chumbani peke yenu, hata kwa mazungumzo mema. Na mtoto akiwaambia jambo zito, kupigwa au kushikwa vibaya, msimwahidi siri. Mpelekeni kwa mwalimu mlezi. Kama mnaona shule inalifunika, simu ya watoto ya Sauti ni 116, haina malipo.

Hatua ya 8: Kiti kwenye bodi, na daftari la makabidhiano

Sheria ya Elimu ya 2008 inaitambua nafasi ya wahitimu katika uongozi wa shule: kamati ya usimamizi kwa msingi, bodi ya magavana kwa sekondari. Mara nyingi kiti hicho kimekaliwa na mzee aliyechaguliwa wakati hakuna chama, au kiko wazi. Ulizeni. Peleka mtu anayesoma makaratasi, mvumilivu wa mikutano ya saa nne, asiyemtafutia mwanawe nafasi. Kazi yake si kumchunguza mwalimu mkuu kama polisi. Kazi yake ni kujua mapema.

Walimu wakuu wa shule za serikali huhamishwa. Mliyekubaliana naye leo, muhula ujao yuko wilaya nyingine, na anayekuja hajui kwamba maboksi ya matroni ni yenu wala kwamba tangi linasafishwa Septemba. Kwa hiyo nunueni daftari gumu, la shilingi elfu chache, likae kwa mhasibu na nakala kwenu. Kila kitu mlichotoa kipate mstari: ni nini, namba iliyochorwa juu yake, tarehe, nani alipokea na saini yake, nani anakitunza, kinahitaji nini kila muhula. Mwalimu mkuu mpya akiripoti, nendeni wawili ndani ya wiki zake mbili za kwanza, mkafungue daftari hilo mbele yake mkitembea naye kutoka kitu hadi kitu.

Mkiwa mbali

Kwa walio kyeyo, yaani kwenye vibarua vya ughaibuni, Dubai, London au Boston: msitume kontena. Ushuru na usafiri kutoka Mombasa vitakula kuliko mnachobeba. Tumeni pesa kwenye akaunti ya kikundi, nunueni Tororo au Mbale, duka la hapo lifaidike na kifaa kikiharibika spea ipatikane. Msitumie pesa kuwapita walio nyumbani, kwani aliyetuma dola mia tano akitaka rangi ya mabweni ibadilishwe, bado ana kura moja. Mnachoweza kufanya kuliko sisi ni kuandika barua za maombi ya ufadhili kwa Kiingereza kilichonyooka, na kukaa na watoto wa Senia 6 kwenye simu ya video ya ofisi ya mwalimu, mkawaeleza fomu za vyuo zinavyojazwa.

Na kama shule yenu haipo tena? Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, na binafsi kadhaa hazikurudi. Nyingine sasa ni nyumba za wageni. Ninajua kikundi cha wahitimu wa shule ya namna hiyo walioamua kuisaidia shule ya msingi ya serikali iliyo ng'ambo ya barabara, ile waliyokuwa wakiicheka wakiwa na sare zao nzuri. Kwenye mkutano wa kwanza mwalimu mkuu aliwauliza kwa upole kama ni wao waliokuwa wakirusha maembe. Wakakiri. Akawapeleka kuona vyoo.